Kitambi si cheo, ni ini linalojaa mafuta

Kijana wa mjini uliyeshika gazeti hili, naomba nikuulize. Mara yako ya mwisho kupandishwa kwenye mizani ilikuwa lini? Wengi wenu jibu nalijua. Ilikuwa kliniki ya watoto, mama kakubeba mgongoni tangu alfajiri, nesi akakutia kwenye ile kaptula ya kitambaa na kukuning'iniza kama mbuzi wa mnadani, ukalia, wakaandika kwenye kadi. Ulipotimiza miaka mitano kadi ikatupwa kabatini na wakubwa wakaachana nawe. Dada yako alikuja kupimwa tena alipopata mimba. Wewe hukupata mimba, kwa hiyo hujapimwa hadi leo.

Sasa una miaka 26, au 30, mkanda umetobolewa matundu mawili ya ziada kwa msumari, na washikaji kijiweni wanakuita "bosi". Unacheka. Mimi nasema usicheke, maana huenda hicho wanachokiamkia shikamoo ni ugonjwa. Unaitwa ini kujaa mafuta. Mimi si daktari, niliishia kidato cha nne na kalamu ndilo jembe langu, lakini nimesoma na nimewauliza wenye taaluma yao. Hoja yangu ni fupi. Ugonjwa huu tiba yake tunayo mikononi, tena ya bei nafuu, ila tumefundishwa kuuabudu, na wenye wajibu wa kutupima wamekaa kimya.

Tuanze na kuabudu. Tangu tukiwa wadogo tunatazama katuni za magazetini. Kigogo huchorwa na tai, gari na kitambi. Mlalahoi huchorwa mbavu nje, kandambili moja imekatika. Tukakua tukiamini kwamba ulaji huonekana tumboni. Ndiyo maana kijana akipata kibarua cha maana bandarini, au fremu yake pale Kariakoo, kinachoanza kujengwa si nyumba, ni tumbo. Na mkewe anasifiwa mtaa mzima kwamba anajua kumtunza mume. Ushahidi? Kitambi.

Lipo na jingine ambalo hatulisemi kwa sauti. Kukonda kunatutisha. UKIMWI ulipoingia nchini, wagonjwa wa kwanza waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, watu waliuita "Slim", yaani wembamba. Miaka zaidi ya 40 imepita. Dawa za kufubaza virusi zipo, mwenye virusi anayezitumia vizuri ananawiri kama mtu mwingine yeyote, lakini hofu ya wembamba imebaki palepale. Jaribu kupunguza kilo tano uone. "Vipi kaka, mbona umeisha?" Wengine hata hawaulizi, wanatazamana tu na kukohoa. Kijana anaona heri abaki na mafuta yake kuliko kusingiziwa ngoma. Nakwambia hofu hii inaua watu ambao hata hawana hicho wanachohofia.

Sasa ini lenyewe. Ni kiungo kikubwa kuliko vyote vilivyomo ndani ya mwili, kilo moja na nusu hivi kwa mtu mzima, limejificha upande wa kulia chini ya mbavu. Damu inayotoka kwenye utumbo ikibeba chakula hupita hapo kwanza kabla ya kwenda kwingine, kama mzigo unavyopita forodhani. Sukari ikizidi, ini huiweka akiba, lakini ghala lake ni dogo, gramu 100 hivi basi. Ghala likifurika, ini hugeuza ile sukari ya ziada kuwa mafuta. Na mwenye kitambi ana balaa la pili. Mafuta ya tumboni hayakai kimya, nayo humwagika kwenye damu na kurudi kulekule kwenye ini. Seli zenye mafuta zikizidi 5 katika kila 100, hapo ndipo daktari husema ini limeingia mafuta.

Wengi mnadhani ini hujaa mafuta kwa kula mafuta tu. Waulizeni Wafaransa. Wao humchukua bata au bata bukini, wakamshindilia mahindi kooni kwa mrija, siku baada ya siku, mpaka ini lake linavimba mara kadhaa na kuwa laini kama siagi. Wanaliita foie gras, maana yake ini nono, na matajiri hulilipia pesa nyingi. Yule bata hakunyweshwa korie. Alilishwa mahindi. Sasa wewe unayejishindilia mlima wa ugali saa nne usiku na soda mbili za kusukumia, tofauti yako na yule bata ni kwamba yeye alilazimishwa.

Wazungu wenyewe jina la ugonjwa limewatoa jasho. Tangu mwaka 1980 waliuita kwa jina lenye maana ya ini lenye mafuta yasiyotokana na pombe. Juni 2023 wakakutana wakaubadilisha, wakaufunga na jinsi mwili unavyotumia sukari na mafuta, na sababu mojawapo ni kwamba neno lao la unene lilikuwa linawatia wagonjwa aibu. Huku kwetu aibu hiyo hatuna. Huku unene ni hati ya kukopea.

Ukubwa wa tatizo usiuchezee. Duniani kote, takribani watu wazima 3 katika kila 10 wana ini la namna hii. Tuseme ukweli wote, maana sipendi kutisha watu kwa uongo: wengi wao hawatakufa kwa ini. Mafuta yatakaa hapo miaka na miaka. Lakini kwa baadhi, ini huanza kuvimba na kuchomeka ndani kwa ndani, kidonda kinapona na kuacha kovu, kovu juu ya kovu, mpaka ini linakuwa gumu kama soli ya kiatu. Hiyo ndiyo sirosisi, na nyuma yake hufuata saratani. Tena hata kabla ya kufika huko, mwenye ini la mafuta ana jirani wabaya watatu: kisukari, presha na ugonjwa wa moyo. Moyo ndio unaoua wengi wao. Utasikia msibani, "alikuwa mzima kabisa, kaanguka bafuni." Mzima wapi? Nani alimpima?

Na ini halisemi. Sisi Waswahili tukiumizwa sana husema tumekatwa maini, lakini ini lenyewe unaweza kulikata kwa miaka 15 lisitoe sauti. Labda uchovu, labda kauzito fulani chini ya mbavu za kulia. Macho yakiwa ya manjano, tumbo likijaa maji, miguu ikivimba, mtu akitapika damu au akianza kuropoka, hapo ujue mambo yamekwisha kuharibika zamani.

Tuje mtaani. Manzese, Buguruni, Tandika, Mwanjelwa kule Mbeya, Mwanza, kote ni hadithi moja. Saa mbili usiku foleni ipo kwenye kabati la chipsi. Kijana anaagiza zege. Wenyewe tumeipa jina hilo chipsi mayai, na jina limesadifu, maana kinachomwagwa ni zege kweli. Viazi, mayai, mafuta yaliyokaangia tangu asubuhi, tomato ya kopo juu yake, na soda ya baridi. Chupa moja ya mililita 350 ya soda nyeusi ina sukari karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi vijiko 12 hivi kwa siku nzima, na ikiwezekana 6. Yaani soda moja imekwisha kupita kile kiwango chema, na hapo hatujahesabu chai ya asubuhi yenye vijiko vinne, wala vile vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo bodaboda wanakunywa kama maji. Nguvu ipi? Ni sukari na kafeini. Na hicho kisukari cha matunda kilicho nusu ya sukari yetu ya dukani, kazi yake kubwa hufanyiwa na ini lenyewe.

Mwendo nao umekufa. Baba zetu walikwenda kazini kwa miguu au wakaning'inia mlangoni mwa daladala, na hiyo peke yake ilikuwa mazoezi. Sisi kutoka nyumbani hadi kituoni, mita 600, tunapanda bodaboda. Huyo bodaboda mwenyewe anakaa juu ya kiti saa 12. Dereva wa bajaji vivyo hivyo, wa duka la simu vivyo hivyo.

Bia siisahau, najua mnaningoja. Chupa ya nusu lita yenye kileo cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kileo. Tatu ni gramu 60. Mwanamume anayezidi hapo kila siku, madaktari hawamhesabu tena na wenye mafuta ya chakula, wanamhesabu na walevi, hata kama anavaa tai. Na ukichanganya kitambi na pombe, ini linapigwa pande mbili kwa wakati mmoja. Mwenye ini lililokwisha kuingia makovu, kwake hakuna cha moja baridi wala mbili za moto. Aache.

Mshikaji wangu mmoja, dereva wa bajaji, miaka 29, alikwenda hospitali kwa maumivu ya tumbo. Akalipia altrasaundi kwa pesa ya hesabu ya bosi. Karatasi ikaandikwa kwamba ini limejaa mafuta. Daktari akasema, "Punguza kula, kijana," akaita mwingine. Basi. Hakupimwa sukari, hakupimwa presha, hakuambiwa apunguze nini na kwa kiasi gani. Jamaa akatoka na karatasi ile mpaka stendi, akakutana na spika inayopiga kelele ya dawa inayosafisha ini, inayorudisha nguvu za kiume, inatibu vidonda vya tumbo, kaswende na mikosi. Akanunua chupa mbili. Simlaumu. Aliyemwendea kwa elimu alimpa maneno mawili, wa spika alimpa dakika 20 na kiti cha kukalia.

Lakini chupa hizo ziogopeni. Ini halisafishwi kama tangi la maji. Ini ndilo linalosafisha. Kila mzizi na unga usiojulikana unaoumeza, ini ndilo linalohangaika nao, na dawa nyingi za mitishamba na vidonge vya kupunguza mwili vimekwisha kujulikana duniani kwa kuharibu ini lenyewe. Unalipa pesa kumtwisha mgonjwa gunia.

Tiba ipo, na imepimwa. Mwaka 2015 madaktari wa Cuba, nchi maskini inayobanwa kila upande, walichapisha utafiti wa wagonjwa 293 wa mjini Havana ambao ini lao lilikuwa limekwisha kuvimba kwa mafuta. Hawakupewa kidonge. Walifundishwa kula kidogo na kutembea, kwa mwaka mzima, kisha ini likachunguzwa tena kwa sindano. Waliopunguza asilimia 10 ya uzito au zaidi, 9 katika kila 10 uvimbe wa ini ulikwisha, na karibu nusu yao makovu yenyewe yalipungua. Makovu, ndugu yangu! Ni kweli waliofika asilimia 10 walikuwa wachache, maana tumbo lina ubishi. Lakini hata asilimia 5 inaondoa mafuta, na 7 inaanza kutuliza uvimbe. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo tano na nusu. Si lazima uwe mwembamba kama mwanamitindo.

Usifanye kwa pupa. Anayejishindisha njaa na kukata kilo nyingi kwa wiki moja anaweza kulizidishia ini matatizo. Nusu kilo kwa wiki yatosha, kilo moja ni nyingi. Soda iache kabisa, hiyo ndiyo ya kwanza, kisha sukari ya chai uipunguze kijiko kwa kijiko mpaka ulimi uzoee. Sahani ya ugali au wali ikatwe nusu, na ile nafasi iliyobaki ijazwe maharage, mchicha, matembele, dagaa. Hivyo vyote ni vyakula vya mlalahoi, na bei yake haifiki zege. Zege lenyewe liwe la sikukuu. Tembea, mpaka jasho lianze kutoka, nusu saa kwa siku tano za wiki. Utaona mafuta ya ini yanapungua hata kabla mizani haijasogea sana.

Kahawa chungu ya kijiweni msiiache. Tafiti nyingi zimeona wanywaji wa kahawa wana makovu machache ya ini kuliko wasiokunywa. Wazee wetu wa bao walikuwa mbele ya wakati. Tatizo ni ile kashata.

Wapo watakaosema, mbona Marekani kuna dawa? Zipo. Machi 2024 waliidhinisha ya kwanza, inaitwa resmetirom, na Agosti 2025 wakaidhinisha semaglutide, ile sindano ya kupunguza unene, kwa ajili ya ini lililovimba na kuingia makovu. Ile ya kwanza ilipoingia sokoni bei yake ilitangazwa kuwa zaidi ya dola 47,000 kwa mwaka. Kwa madafu yetu hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 100. Na huko nako daktari anakwambia uimeze huku ukipunguza kula na kutembea. Kigogo ataagiziwa, au atapelekwa India kama tulivyozoea kuona. Wewe na mimi tuna miguu.

Hapa ndipo ninapowageukia wakubwa. Juni 2024 Bunge liliwaka moto Dodoma kwa sababu ya sukari. Vibali vya kuagiza sukari, nani kapewa, nani kadanganya, mpaka mbunge wa chama tawala chenyewe akafungiwa vikao 15. Mimi nilifuatilia kelele zile. Zilihusu nani anufaike na sukari. Nani ataugua kwa sukari hiyo, sikusikia. Hatuna haki ya kushangaa, maana na sisi tuliokuwa tukishangilia vijiweni tulikuwa na soda mkononi.

Mexico ilianza kutoza kodi vinywaji vya sukari Januari 2014. Afrika Kusini ikafuata Aprili 2018, tena yao inahesabu gramu za sukari, kwamba kiwanda kikizidisha sukari kinalipa zaidi, kikipunguza kinapumua. Na sisi tuitake ya namna hiyo, na pesa yake isiende kununulia mashangingi, iende kwenye vipimo. Msiniambie serikali haiwezi. Serikali hii hii ilipiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017, na mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Kelele zilipigwa, wenye viwanda walilia, na viroba vikatoka madukani. Ikitaka inaweza.

Na kabla ya kodi, kuna kitu kisichohitaji hata mjadala. Kila zahanati iwe na futi ya fundi cherehani na amri ya kuitumia kwa wanaume. Mwanamume anayekuja kwa malaria apimwe kiuno, uzito, presha na sukari kabla hajaondoka. Anayekwenda kuchukua leseni ya udereva apimwe. Wahudumu wa afya wanaokwenda nyumba kwa nyumba kuwatafuta akina mama wafike na vijiweni pia, bodaboda wapo hapo hawajakimbia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023 kwa vigelegele. Basi bima hiyo tuihukumu kwa jambo hili: je, inamlipia kijana kupimwa akiwa bado anatembea, au inamngoja atapike damu?

Wewe usingoje bima. Nenda kwa fundi cherehani wa jirani, mwombe futi yake, zungusha kwenye kitovu bila kuvuta tumbo ndani, maana tunajuana. Ikizidi sentimita 94, nenda hospitali ukapime sukari, presha, lehemu na ini. Pale barabarani wapo vijana wenye mizani inayosema, lipa sarafu zako ujue uzito leo, uuandike. Ukifika kwa daktari, jua kwamba vimeng'enya vya ini kwenye damu vinaweza kusomeka vizuri huku mafuta yamejaa, kwa hiyo usiridhike na jibu hilo peke yake, ulizia altrasaundi. Kuna hesabu wanayoipiga kwa umri na damu, FIB-4, ya kukisia makovu, lakini kwa aliye chini ya miaka 35 haiaminiki sana, mkumbushe umri wako. Wewe mwembamba usijisahau ukadhani hayakuhusu. Wapo wenye mwili wa kawaida na ini limejaa, hasa kama kwenu kuna kisukari.

Na siku hiyo hiyo omba upimwe homa ya ini aina ya B. Chanjo yake iliingizwa kwa watoto wachanga nchini mwaka 2002, kwa hiyo uliyezaliwa kabla ya hapo huenda hukuipata kabisa, na kirusi hicho kikikuta ini lenye mafuta, njia ya kwenda kwenye makovu inakuwa fupi. Ukikutwa huna, omba chanjo. Ni sindano tatu.